Miguu ya Babu Kwenye Picha ya Reli

Sebuleni kwa kaka yangu, juu ya televisheni, imetundikwa picha kubwa ya siku Wajerumani walipofungua reli hapa Dar es Salaam. Ina fremu ya rangi ya dhahabu. Karibu na kichwa cha treni amesimama mwanamume mweusi mwenye suti, tai na viatu vinavyong'aa. Wajukuu wanamwita Babu Karani. Wageni wakiuliza, kaka anakohoa kidogo, anajiweka sawa kwenye kochi, anasema, "Huyo ni mzee wetu. Sisi na reli tumeanza siku moja."

Uongo mtupu. Yule mtu simjui, mama yangu hamjui, na hakuna binadamu aliyewahi kumjua, maana ametengenezwa na kompyuta kwenye studio moja ya vichochoroni hapa Kariakoo. Nasema mapema, usije ukapita pale ukamwamkia.

Picha ya kweli ilikuwa ndogo, ukubwa wa sinia la kuletea chai, na rangi yake ilishakuwa ya udongo. Kulikuwa na kichwa cha treni kimevishwa matawi ya minazi, bendera, askari wenye tarumbeta, wanawake wa Kizungu na miavuli yao. Mbele kabisa alikaa Mzungu mmoja kwenye kiti, miguu kainyoosha, mabuti hadi magotini. Kushoto, pale ambapo mpiga picha hakuwa na haja napo, lilikuwepo rundo la mataruma, zile nguzo nzito zinazolaliwa na reli, na kando ya rundo walisimama wanaume kifua wazi. Wa mwisho upande wa Wazungu alikuwa babu yake mama.

Uso wake hauonekani. Mahali pa uso pana wingu tu. Bibi, yaani mama yake mama, alipewa sababu na baba yake mwenyewe. Picha za zamani zilitaka mtu atulie, asipepese hata jicho. Wote walitulia. Lakini mpiga picha alipokuwa tayari, nyapara akawaona wale wabeba mataruma wamo, akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni kwenye picha!" Wenzake wakabaki wameganda kwa woga. Yeye akageuza kichwa kumtazama anayefoka, na mashine ikamla uso. Ila miguu hakuisogeza. Miguu ilitoka safi kuliko hata mabuti ya yule Mzungu, wa kushoto umekanyaga wa kulia.

Alikuwa akificha kidole. Reli ilimwangukia mguu wa kulia, ikasaga kidole gumba, na tangu hapo akisimama mbele ya watu anaufunika kwa mguu mwingine. Hebu fikiria. Mtu kavunjwa kidole na kazi ya watu, halafu aibu anaiona yeye. Walioangusha reli walikuwa wamekaa kwenye viti, hawakuficha kitu.

Bibi aliipataje picha hiyo? Alikuwa akimfulia nguo Mhindi mmoja mpiga picha, mjini huku kwenye maduka ya Wahindi. Siku moja akaingia ndani kuchukua mashuka, akaiona ukutani, akaitambua miguu ya baba yake aliyekuwa ameshazikwa. Alikaa chini akalia, mpaka mke wa Mhindi akadhani nyumbani kwao kuna msiba. Yule Mhindi alipofunga duka kurudi kwao, alimpa. Ndiyo mali pekee ambayo bibi aliwahi kuilinda kwa wivu. Mafuriko yalipoingia nyumba yao kule Jangwani, alitoka kwenye maji na picha kichwani, godoro akaliacha lielee. Picha ilipata unyevu, ikagandana na kioo chake, na ikabaki hivyo hivyo. Hakuna aliyethubutu kuibandua.

Nyumbani kwetu kila mtoto alionyeshwa. Ukishaanza kusimama dede, mama anakubeba hadi ukutani, anaweka kiganja kwenye kona ya chini kushoto, na kiganja kinapoishia anagusa kwa kidole: "Huyu hapa babu yangu. Wa kushoto juu ya wa kulia. Aliambiwa atoke, hakutoka." Basi, hakuna kingine. Hakuna ubani, hakuna dua ndefu. Mimi nilionyeshwa, kaka alionyeshwa, watoto wetu wote walionyeshwa. Na msichana akikaribia kuolewa anarudishwa tena pale, aonyeshwe kwa mara ya pili, aende kwa watu akijua ametoka wapi. Mama mwenyewe akiwa anamenya kitunguu au anaongea na jirani, utamkuta kasimama mguu juu ya mguu. Nami nasimama hivyo hivyo kwenye cherehani yangu pale Mchikichini, ninapopunguza suruali za mitumba. Wateja wananicheka, wananiita korongo.

Miaka ya karibuni mama ameingiwa na presha ya macho. Hospitali walisema kilichopotea kimepotea, watajaribu kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni mwanga na kivuli tu. Hakulalamika sana. Alisema, "Mahali pa babu napajua kwa mkono." Na kweli, tulimwona akienda ukutani asubuhi, anaweka kiganja, anagusa, anarudi kukaa. Mtu haoni hata kikombe chake cha chai, lakini miguu ile hakuikosa hata siku moja.

Mama anaishi kwa kaka hapa Kariakoo, kwenye nyumba ya zamani ambayo bibi alihamia baada ya mafuriko, iliyobanwa na maghorofa hadi jua halifiki uani. Kaka ni mkubwa wangu. Ana duka la jumla la vitenge na mashuka, na Mungu amemjalia. Simsemi kwa wivu. Alinisomeshea mwanangu, na mama anamtunza vizuri, dawa hazikosi. Ila ana ugonjwa mmoja tangu utotoni: anaogopa kuchekwa. Akinunua kiatu, ananunua cha kuonekana na watu. Akiongea na tajiri, sauti inabadilika, inakuwa ya redio.

Sasa binti yake akapata mchumba. Kijana mzuri, sina neno naye, anatoka kwenye familia ya wafanyabiashara wakubwa wenye maghorofa yao hapa hapa Kariakoo. Ikapangwa siku ya utambulisho, wazee wa kijana waje nyumbani, tujuane. Kaka akapaka rangi kuta, akabadilisha makochi, akaweka pazia hadi chooni. Na mama akawa na neno moja tu: "Kabla ya wageni kula, mjukuu wangu nitampeleka kwa babu. Nataka na wakwe waone. Huyu ni wa mwisho nitakayemwonyesha mimi." Alilisema kila siku. Alimwambia hadi muuza maji. Kwa mama, siku ile haikuwa ya wageni. Ilikuwa siku yake na babu yake.

Kaka akamwambia anaipeleka picha kwa fundi ibadilishwe kioo, kina ufa. Mama akakubali. Akamwombea dua mwanawe kwa kuikumbuka.

Mimi nilifika siku yenyewe asubuhi, nikiwa na sufuria langu la pilau. Nikaingia sebuleni kumwamkia mama. Nikainua macho juu ya televisheni.

Loo! Nilidhani nimekosea nyumba. Picha imekua mara nne, imepakwa rangi, anga la buluu, bendera nyekundu. Rundo la mataruma halipo. Wale wanaume kifua wazi hawapo, wamekatwa wote. Kona ya chini kushoto, pale pa kiganja cha mama, yamekaa mabuti ya yule Mzungu. Na kwenye treni kasimamishwa huyo Babu Karani, kama bwana harusi. Uso mzima, meno thelathini, anatabasamu. Suti yenyewe mimi naijua, napunguza za namna hiyo kila siku. Ni zile za kubana wanazovaa wasimamizi wa harusi siku hizi. Mjerumani hakuwahi kuiona suti ile hata ndotoni.

Mama alikuwa kwenye kochi, kapambwa, kanga mpya doti nzima, anasikiliza redio yake. "Wameileta picha," akaniambia. "Kioo kinanukia upya. Sijaenda bado, nangoja mjukuu wangu."

Nikatoka uani. Kaka alikuwa anaelekeza watu waweke viti. Nikamvuta mkono.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nini tena?"

"Babu yuko wapi?"

Akatazama pembeni kama kuna mtu anasikia. "Nimeisafisha picha. Wanakuja watu wa heshima, wewe. Unataka waingie sebuleni kwangu wamkute mzee wetu kifua wazi, hana hata kandambili, hana uso? Waseme binti wanayemchukua ni kizazi cha makuli?"

"Ni kizazi cha makuli!"

"Punguza sauti."

"Na mama? Mama anangoja amwonyeshe mtoto."

"Mama haoni," akasema. Kisha nadhani alijisikia mwenyewe, maana aliinamisha macho. "Nitamwambia baadaye. Wageni wakishaondoka nitamwambia, naapa."

Nikageuka niende nikamwambie mimi. Nikafika mlangoni, honi zikalia barabarani, vigelegele vikapokelewa, na sebule ikajaa watu kabla sijavuka kizingiti. Wifi yangu akanishika: "Waamkie wageni kwanza, mengine baadaye." Baadaye! Nyumba ile siku hiyo kila kitu kilikuwa baadaye.

Wageni walikuwa watu wazuri, nisiwasingizie. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mpole mwenye kofia nyeupe. Salamu zikapita, utani ukapita, soda zikaletwa. Binti akatoka kasitiriwa, akakaa karibu na bibi yake. Nilimwona akitupa jicho ukutani, akaganda, akanitazama. Naye hakuwa amejua. Nikamtikisia kichwa, sikujua hata namwambia nini.

Baba mkubwa akainua macho. "Mashallah, naona mmetunza historia. Huyu mzee wa suti ni nani?"

Kaka akakohoa. "Huyo ni babu wa mama yetu. Alikuwa karani wa reli."

Mama akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, alidhani mwanawe anatania wakwe. "Karani wa wapi! Babu yangu alikuwa mbeba mataruma. Hata shati hakuwa nalo. Karani ndiye aliyekuwa akiandika majina ya watu wa kuchapwa."

Hakuna aliyecheka naye. Wageni wakatazama picha, wakamtazama mama, wakatazama picha tena. Kaka akasema, "Mama, pumzika." Lakini mama alikuwa ameshasimama, kamshika binti mkono. Saa yake imefika.

"Njoo mjukuu wangu. Na nyie wakwe, sogeeni, msione haya."

Wakaenda hadi ukutani. Kaka alikuwa ameitundika juu kuliko zamani, mama akapapasa hadi akaipata fremu. "Mh, fremu imenenepa," akasema. Akaweka kiganja kwenye kona ya chini kushoto. Akakilaza vizuri, taratibu, kama alivyonilazia mimi. Akagusa kwa kidole.

"Huyu hapa babu yangu. Wa kushoto juu ya wa kulia. Aliambiwa atoke, hakutoka. Mnaiona miguu yake?"

Kidole kilikuwa juu ya buti la Mjerumani.

Jamani, nje watu waliendelea kunadi bei kama kawaida ya Kariakoo. Mwanamke mmoja wa upande wa kijana aliuma mtandio asicheke. Binti yetu machozi yakamlengalenga.

"Mnaiona?" mama akauliza tena.

Yule baba mkubwa ndiye aliyejibu, tena kwa adabu zote, maskini, hakujua. "Mama, hapo umemshika Mzungu, kwenye buti lake. Mzee wenu si huyu hapa juu, mwenye suti na viatu?"

Mama hakutoa kidole. Alibaki vile vile, anakiacha pale pale kwenye kioo, kichwa kakiinamisha kidogo upande alikokaa kaka. Nilimwona akielewa. Nasema niliona, maana mdomo ulifunguka ukafungwa, na mkono uliomshika binti ukakaza hadi vidole vya mtoto vikakunjamana. Nikasema moyoni, sasa atamwaga radhi. Nilitamani amwage. Wallahi nilitamani apige kelele, wageni wakimbie, pilau limwagwe mtaroni.

Halafu binti akapumua kwa kwikwi, kidogo tu. Mama akaisikia.

"Aa, macho yangu haya," akasema. Akashusha mkono. "Mnisamehe wakwe. Ndiyo, ndiye huyo. Alikuwa karani."

Watu wakashusha pumzi. Mtu akasema "Mashallah, karani!" Soda zikafunguliwa tena. Kaka akaanza kueleza jinsi mzee alivyojua Kijerumani. Mama akarudishwa kwenye kochi, akakaa, mikono mapajani, akawa anaitikia kila anachoulizwa. Ndiyo. Ndiyo. Alhamdulillahi. Pilau hakuligusa. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuuma sufuria.

Kesho yake nikaenda studio. Nilijiambia, ile ya zamani ipo, haiwezi kukosekana, tutairudisha ukutani na hilo dubwana lao litafute pa kukaa. Nikamkuta kijana mmoja mchangamfu, kompyuta mbili mbele yake, ukutani picha za marehemu waliovalishwa suti kwa ajili ya misiba. Kumbe ndiyo kazi yao. Ukifiwa na mtu aliyepiga picha moja tu maishani, ya kitambulisho, unawapelekea, wanamvalisha.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mmeleta picha ya reli nyumbani kwetu."

"Aah, ile! Mama, ile kazi ilitutoa jasho. Picha ilikuwa na chenga tupu, vidoadoa kila mahali, yule mzee hana sura kabisa. Tukampa sura. Viatu tukamwekea ofa."

"Ile ya zamani naitaka."

Akakuna kichwa. Akaniambia ilikuwa imegandana na kioo, kwa hiyo waliipiga kwanza kwa simu, wakaingiza kwenye kompyuta, wakafanyia kazi juu yake hiyo hiyo. Nakala ya mwanzo ya kwenye simu hawakuibakiza. Kisha wakajaribu kuibandua ile ya karatasi wairudishe vizuri, ikachanika. Upande mmoja ukatoka vipande vipande. Upande mwingine, wa kushoto, ukabaki umeng'ang'ania kioo. Kaka akawaambia watupe tu, mpya ameshaipata.

"Mkatupa?"

"Na kioo chake, mama. Kilikuwa kibovu. Gari la taka limeshapita."

Nilisimama pale. Yule kijana akaniletea kiti. Alikuwa na moyo mwema, ndicho kinachoniuma hadi leo, sikupata hata mtu wa kumtukana. Akauliza kwa upole, "Kwani tumekosea wapi mama? Au mlitaka tumwekee kandambili?"

Nikarudi nyumbani kwa mguu. Mama alikuwa uani, kwenye mkeka, peke yake. Kaka alikuwa amemwomba radhi asubuhi, na mama alikuwa amesema yamekwisha. Nikakaa karibu yake. Sikuwa na namna ya kulipamba, nikamwambia lote: kuchanika, kioo, gari la taka.

Kule nje wapakiaji walikuwa wanagombana na dereva wa lori.

"Ile sehemu iliyobaki kwenye kioo," akauliza, "ndiyo yenye miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hakubanduka."

"Hakubanduka."

Akatikisa kichwa. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuuliza chumvi. "Nyapara alimwambia toka, hakutoka. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaondoka, maji ya Jangwani yameingia na kutoka, yeye yumo. Mwanangu niliyemzaa mimi ndiye aliyemtoa. Na mimi nikasimama mbele za watu nikasema ndiyo."

Nikasema, "Mama, ulisema kwa ajili ya mtoto."

"Najua nilisema kwa ajili ya nani."

Alikuwa amekaa kanyoosha miguu, wa kushoto juu ya wa kulia, bila kujua, kama siku zote. Akaupapasa kwa mkono, akautenganisha. Kisha akaivuta yote miwili ndani ya kanga, akaifunika.